Ndege ya Kuunda Nyumbani: Siku ya Kuruka Mara ya Kwanza

Ndege tunaziona zikipita juu, na wengi wetu hudhani kuwa zote hutoka katika viwanda vikubwa. Sivyo. Katika nchi kama Ufaransa, Uingereza na Marekani wako watu wanaojiundia ndege ndogo katika banda la nyumbani. Hutumia mbao, nguo, mabati mepesi na injini ndogo. Kazi hiyo huweza kuchukua miaka. Ndege ikiisha, inafika siku ngumu kuliko zote: siku ya kuirusha mara ya kwanza. Hapo fundi hukaa mwenyewe ndani ya kazi ya mikono yake. Kama kuna kosa, atalijua akiwa angani.

Mimi na wewe huenda hatutaunda ndege. Lakini somo hili linatuhusu, maana ni somo la kupima kazi kabla ya kuitumainia.

NDEGE HUPANDAJE?

Mtoto akikimbia na tiara, tiara hupanda. Kwa nini? Kwa sababu tiara imelala kwa mshazari, na upepo unaipiga kwa chini. Hewa inasukumwa chini, na tiara inasukumwa juu. Mtoto akisimama na upepo ukitulia, tiara huanguka.

Bawa la ndege hufanya kazi namna hiyo. Injini huzungusha rafadha, yaani lile panga la mbele. Rafadha huvuta ndege kwenda mbele kwa kasi. Hewa hupita juu na chini ya bawa, nalo bawa huisukuma hewa chini. Ndipo ndege hupanda. Mwendo ukipungua mno, au pua ikiinuliwa mno, bawa haliwezi tena kubeba. Ndege huanguka kama tiara.

Ndege ya kwanza yenye injini iliyoruka na kuongozwa vizuri iliundwa na ndugu wawili wa Marekani, Wilbur Wright na Orville Wright. Kazi yao ilikuwa kuunda na kutengeneza baiskeli. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa sekunde 12 tu, akaenda mita 36 hivi. Lakini kabla ya siku hiyo walikuwa wamepima mabawa madogo katika sanduku la upepo, na walikuwa wameruka mara nyingi kwa ndege isiyo na injini. Hawakubahatisha.

HABARI YA HENRI MIGNET

Sasa tumtazame mtu mwingine. Huyu ni Mfaransa, jina lake Henri Mignet, aliyezaliwa mwaka 1893. Alipenda sana ndege, lakini kuendesha ndege za kawaida kulimshinda. Katika ndege hizo mikono hushika fimbo na miguu hukanyaga pedali, vyote kwa pamoja. Basi akawaza: kwa nini nisiunde ndege rahisi, ya kuongozwa kwa mkono tu?

Akaiunda kwa mbao na nguo, akaitia injini ndogo. Ilikuwa na mabawa mawili, moja kubwa mbele na jingine dogo nyuma yake, karibu karibu. Bawa la mbele lilifungwa kwa namna ya kuweza kuinama na kuinuka. Akivuta fimbo, bawa la mbele linainuka ukingo wake wa mbele, na ndege inapanda. Tarehe 10 Septemba 1933 ndege hiyo iliruka. Akaipa jina la Pou-du-Ciel, maana yake chawa wa angani. Waingereza wakaiita kiroboto arukaye.

Mwaka 1934 Mignet alitoa kitabu chenye michoro na maelezo ya kuiunda. Watu wa kawaida wakafurahi mno. Zamani ndege ilikuwa kitu cha matajiri, na sasa hata seremala aweza kuwa nayo! Tarehe 13 Agosti 1935 Mignet mwenyewe alivuka bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza katika kiroboto chake. Hapo moto ukawaka. Kila mahali watu wakashika nyundo na misumeno.

Kisha misiba ikaanza. Ndege hizo ziliinama pua zikielekea chini, na hazikuinuka tena. Rubani alivuta fimbo kwa nguvu zake zote, nayo ndege ikaendelea kushuka mpaka ikapiga ardhi. Watu kadhaa walikufa, huko Ufaransa na huko Uingereza.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Mwaka 1936 wataalamu wa nchi hizo mbili walichukua kiroboto kizima wakakiweka katika jengo la upepo. Jengo hilo ni kama bomba kubwa sana. Mashine huvuma hewa kwa kasi, na ndege imefungwa isiende popote. Hivyo mtu anaweza kuona hewa inavyoisukuma ndege bila ya kuhatarisha roho yake.

Wakaona jambo la ajabu. Ndege ikiinama kupita kiasi fulani, na rubani akivuta fimbo, nafasi kati ya bawa la mbele na la nyuma inakuwa finyu. Hewa inapita hapo kwa nguvu na kuliinua bawa la nyuma zaidi kuliko la mbele. Sasa mkia ukiinuliwa, pua inakwenda wapi? Chini! Kumbe fimbo ile ile ya kumwokoa rubani ndiyo iliyokuwa ikimzamisha.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Wajenzi wengine walibadili vipimo. Huyu alitia injini nzito, yule alisogeza kiti. Kila mmoja alidhani kuwa ni jambo dogo tu.

Je, Mignet alikuwa tapeli? Hapana. Alikuwa mtu wa kweli, na ndege yake aliipanda yeye mwenyewe. Lakini kuruka salama mara nyingi hakukuonyesha kosa lililojificha, maana hakuwa amefika pale penye hatari. Baadaye alirekebisha mpango wa mabawa, akaendelea kuunda ndege mpaka alipofariki mwaka 1965.

SIKU HIZI WANAFANYAJE?

Watu hawakuacha kuunda ndege nyumbani. Wameweka utaratibu. Hizi ndizo hatua zake:

1. Ndege hukaguliwa na mtu mwingine. Aliyefunga bolti mwenyewe huona kile alichokusudia kufanya. Jicho la mgeni huona kilichofanyika.

2. Ndege hupimwa uzito. Kila gurudumu huwekwa juu ya mizani yake. Kwa hesabu, fundi anajua uzito umekaa wapi. Ukiweka gunia zito nyuma kabisa ya baiskeli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hukataa. Ndege iliyozidi uzito nyuma ni mbaya zaidi ya hapo.

3. Injini hujaribiwa ikiwa chini. Pua ya ndege huinuliwa kama vile inapanda, na fundi hupima kama petroli inafika kwa wingi unaotakiwa.

4. Ndege hutembezwa ardhini, kwanza polepole, kisha kwa kasi zaidi. Hapo rubani anajaribu breki na usukani.

5. Ndipo siku yenyewe hufika. Huchaguliwa saa ambayo upepo umetulia, na kiwanja kirefu. Watu wa kuzima moto na gari la kumchukua majeruhi huwa tayari. Watazamaji hawaalikwi wengi. Kwa nini? Kwa sababu mtu akitazamwa na jamaa na majirani huona haya kusema, "Leo hapana, kuna kitu sikipendi." Na neno hilo huweza kumwokoa.

6. Rubani huruka peke yake. Hupanda na kuzunguka juu ya kiwanja, ili injini ikizima aweze kuteleza mpaka chini. Injini ikizima mara tu baada ya kuruka, naye bado yuko chini, hajaribu kugeuka nyuma. Hutua mbele yake, hata kama ni shambani. Akigeuka bila mwendo wa kutosha, bawa litashindwa kubeba.

7. Akishatua, ndege hufunguliwa na kutazamwa upya. Bolti imelegea? Mafuta yanavuja? Kisha ndiyo huruka tena.

Huko Marekani, kwa kawaida ndege mpya ya namna hii hutakiwa iruke saa 25 au saa 40 za majaribio, mbali na miji, kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria. Kila safari inaandikwa katika daftari. Mwendo wa polepole unajaribiwa kwanza, halafu wa kasi, halafu uzito zaidi, kidogo kidogo. Hivyo penye hatari panafikiwa kwa hatua, na mtu ana nafasi ya kurudi.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kitabu ni mwalimu, lakini mwandishi wake ni binadamu. Aliyejua kusoma ajue pia kuuliza: jambo hili limepimwa na nani, mara ngapi, na katika hali gani?

Pili, ukifuata maelezo, yafuate kwa vipimo vyake. Iwe ni dawa ya kunyunyizia pamba au paa la ghala, anayebadili kipimo ameanza jaribio jipya bila ya kujua.

Tatu, kazi kubwa ianze kwa jaribio dogo. Mbegu mpya hupandwa kwanza kipande cha shamba. Mtumbwi mpya hujaribiwa karibu na ufuko.

Nne, hakuna aibu kuahirisha. Haraka haraka haina baraka.

MANENO MAPYA

Rafadha: panga linalozunguka na kuvuta ndege au kusukuma meli.
Rubani: mtu anayeendesha ndege.
Mshazari: hali ya kulala upande, bila kusimama wima wala kulala kabisa.
Kuahirisha: kusogeza jambo mbele mpaka siku nyingine.

MASWALI

1. Kwa nini tiara huanguka upepo unapotulia?
2. Ndugu Wright walifanya kazi gani? Walijaribu nini kabla ya mwaka 1903?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini kiroboto cha Mignet hakikuinuka rubani alipovuta fimbo.
4. Kwa nini si vizuri kualika watazamaji wengi siku ya kwanza?
5. Zungumzeni katika kikundi chenu: ni kazi gani hapa kijijini ingefaa kujaribiwa kidogo kwanza? Andikeni hatua zake katika daftari.