Tezi ya Shingo ya Mtoto: Funzo la Chernobyl
Tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka na kutawanya madini joto yenye mionzi. Yaliangukia majani, yakaliwa na ng'ombe, yakawafikia watoto kupitia maziwa. Tezi ya shingo haitofautishi madini joto salama na yenye mionzi. Ikiwa na upungufu, hufyonza zaidi. Miaka michache baadaye, saratani ya tezi hiyo iliongezeka sana miongoni mwa watoto wa Belarus na Ukraine.

Mtendeli hakuna kinu. Hata hivyo, katika nyanda za juu kama za Kibondo na Kasulu, mvua huosha madini joto ardhini. Upungufu huo pekee huleta rovu na kudumaza ubongo wa mtoto tangu tumboni. Kinga ni chumvi yenye madini joto, kila siku.