Vumbi Moja, Madhara Tofauti

Mwaka 2010 katika vijiji vya jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto wasiopungua 400 walifariki kwa sumu ya madini ya risasi. Watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani, na mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi lilikuwa moja kwa wote. Kwa nini basi waliokufa wengi walikuwa watoto wadogo?

1. Umri. Mtoto hutambaa chini na kutia vidole mdomoni. Utumbo wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake bado unakua.

2. Lishe. Mwili uliopungukiwa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Tumbo tupu nalo ni hivyo hivyo.

3. Ujauzito. Risasi hukaa mifupani miaka mingi. Mama akibeba mimba, huweza kutoka humo, ikaingia katika damu na kumfikia mtoto tumboni.

4. Kazi. Anayeyeyusha betri kuukuu za gari hurudi nyumbani na vumbi nguoni.

Na sisi je? Baadhi ya wanja una risasi, nasi huwapaka watoto wachanga. Tusimpake mtoto wanja tusioujua umetengenezwa kwa nini. Fundi naye avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mwanawe. Tusingoje dalili, kwani sumu hii huanza kimya kimya; kipimo cha damu ndicho huibainisha. Mtoto ni amana.