Somo: Kompyuta ya ofisi inaandika nini juu yako?

Kompyuta ya ofisi ina daftari lake lisiloonekana. Inaandika saa uliyoiwasha, jina ulilotumia kuingia na kurasa za intaneti ulizofungua. Mwajiri akiweka programu maalumu, inaandika hata kila herufi unayobonyeza.

Sisi wa kazi ya upatanisho tunalihitaji daftari hilo. Faili ya shahidi wa mauaji ikifunguliwa usiku, lazima tujue nani aliifungua. Lakini katika shirika nililofanyia kazi zamani, msimamizi alisoma mbele ya wote ujumbe ambao mwenzetu alimwandikia mke wake kuhusu ugonjwa. Hatukuwa tumeambiwa kwamba ujumbe wetu unasomwa. Tangu siku ile watu waliziogopa kompyuta. Ripoti za kweli ziliandikwa kwenye karatasi, zikabebwa mfukoni kupita vizuizi vya barabarani, pamoja na majina ya mashahidi.

Nchini Romania, mwaka 2007, mfanyakazi alifukuzwa kwa sababu alitumia Yahoo Messenger ya kazini kuzungumza na kaka yake na mchumba wake. Kanuni za kampuni zilikataza jambo hilo, naye alizijua. Alishindwa katika mahakama za nchi yake. Lakini tarehe 5 Septemba 2017, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa haki, majaji 11 dhidi ya 6. Haikusema mwajiri asifuatilie kabisa. Ilisema mahakama za Romania hazikuchunguza vya kutosha kama aliambiwa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiasi gani.

Uamuzi huo haufungi mahakama zetu. Hata hivyo, kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2006 kinalinda maisha binafsi na siri ya mawasiliano, na sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina kanuni juu ya taarifa za watu.

Basi, andikeni ukurasa mmoja: nini kinarekodiwa, kwa nini, nani anasoma, kinafutwa lini. Usomwe kwa Kiswahili, si Kifaransa tu, na dereva na mlinzi wawepo. Daftari lenyewe lifungwe kwa neno la siri, maana kompyuta ikiporwa, mwizi ataona tunawasiliana na nani.

Swali la kujadili: katika ofisi yenu, ni nani anayeweza kusoma ujumbe wako leo, na ulijuaje?