Ukiutafuta Ukoo Wako Juba, Anzia Buluk

Juba ukijitaja kwa jina moja tu, mzee atakutazama kama mtu aliyesahau viatu nyumbani. Anataka lako, la baba, la babu, na akiwa Mdinka atakusukuma mpaka mababu waishe. Si fahari tu. Sheria ya Uraia ya 2011 humtambua mtu ambaye mzazi wake, babu au bibi yake, au hata mzazi wa babu au bibi huyo, alizaliwa Sudan Kusini, iwe upande wa baba au wa mama. Na ofisini unakwenda na ndugu wa kukushuhudia. Asiyejua ukoo wake atamtoa wapi?

1. Uliza jina la mtaa. Buluk, penye makao makuu ya polisi, linatokana na neno la Kituruki la kikosi cha askari, lililofika huku na majeshi ya zamani. Malakia ni upande wa raia, walikokaa askari waliostaafu na familia zao. Atlabara ni Kiarabu cha Juba: toka nje! Muulize mzee ni nani aliyeambiwa atoke, na asubuhi yako imekwisha.

2. Chai kabla ya simu. Keti kwenye kiti cha plastiki kwa mama wa chai, agiza ya tangawizi, sukari hadi kijiko kisimame. Simu ibaki mfukoni. Nimemwona mzee akisimulia vizuri habari za mama yake. Simu ilipowekwa mezani kurekodi, akaanza kuhutubia kama gavana. Omba ruhusa ya kurekodi siku ya pili. Na usiwapite mahaboba, yaani mabibi zetu. Wanaume watakupa orodha ya mababu. Haboba atakuambia nani aliolewa wapi, kwa ng'ombe wangapi, na mtoto wa nani alilelewa na nani wakati wa vita. Mimi ningeanza naye.

3. Usiulize mwaka. Karatasi za ukimbizini zimewazalisha watu wengi mno tarehe 1 Januari. Uliza: ulikuwa unachunga mbuzi askari walipoasi Torit? (Agosti 1955.) Ulikuwa umeolewa amani ya Addis Ababa iliposainiwa? (Februari 1972.) Nani alikuwa mgongoni mlipoingia Kakuma? (Kambi hiyo ya wakimbizi, Kenya, ilianza 1992.)

4. Wani yupi? Majina ya Kibari kama Lado na Wani hufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo "Wani mwana wa Lado" ni sawa na kumtafuta Juma Kariakoo. Andika ukoo, jina la mama, na jina la utani, hata kama la utani linachekesha. Hasa kama linachekesha.

5. Kitabu cha ubatizo. Kina tarehe, wazazi na msimamizi. Mfuate msimamizi, mara nyingi ni jamaa.

6. Nyaraka za Taifa. Zilinusurika vita, zikahamishwahamishwa, na kwa miaka kadhaa zikakaa ndani ya hema hapa Juba. Taasisi ya Rift Valley ilishirikiana na serikali kuzipanga na kuziweka katika mfumo wa kidijitali. Nyingi ni faili za utawala: kodi, kesi, ugomvi wa malisho. Babu yako huenda hayumo, lakini chifu wake yumo, basi tafuta chifu. Na usiiamini tahajia, mkoloni aliandika alivyosikia.

7. Vuka mpaka. Wanubi wa Bombo na Kibera wengi ni uzao wa askari wa gavana Emin Pasha waliotoka huku Equatoria, na Kinubi chao ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Jumuiya ya Uganda Society, Kampala, ilianza kutoa *Uganda Journal* mwaka 1934. Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, kina hazina ya nyaraka za Sudan iliyoanzishwa 1957. Mwenye binamu huko amtume.

8. Anzisheni chama chenu. Msisubiri muhuri. Watu watano, mwarobaini mmoja wenye kivuli, daftari gumu na kijana mwenye mwandiko unaosomeka vinatosha. Kila kikao mzee mmoja, ukoo mmoja. Mkibishana kuhusu babu, na mtabishana, andikeni masimulizi yote mawili na majina ya walioyasema. Kisha nakili daftari zima, nakala mbili, nyumba mbili. Moja iwe nje ya Juba. Waliokuwa hapa wakati wa mapigano ya Julai 2016 hawahitaji kuelezwa kwa nini.