Rundo la Mchanga, Sampu Iliyopasuka: Nani Hulipa Gari Likiharibikia Mtaani

Lori la mchanga huingia mtaani alfajiri, kabla askari wa kaunti hawajaanza zamu. Humwaga mzigo wake mbele ya geti la jengo linaloongezwa ghorofa, kisha likaondoka. Mvua ya jioni huutandaza mchanga hadi katikati ya barabara, na mawe yaliyokuwa ndani yake hubaki yametokeza. Usiku, taa za mtaa zikiwa zimezimika, Vitz iliyoinamia chini kwa uzito wa abiria wanne hupita juu ya jiwe mojawapo na sampu ya oili hupasuka. Asiposikia mlio wa chuma, dereva huendelea kilomita moja au mbili hadi injini ikwame.

Kufikia Ijumaa mchanga ule umekwisha. Umechanganywa na saruji, umepigwa plasta, na mwenye nyumba husema hajawahi kuweka kitu chochote barabarani. Hapo ndipo madai mengi ya aina hii hufia. Kenya haijakosa sheria ya kumtetea mwenye gari. Tatizo ni kwamba kizuizi cha mtaani hutoweka upesi, na kikitoweka huondoka na ushahidi.

Sheria inavyomtazama aliyeziba njia

Barabara ya umma ni ya wote kupita. Anayeweka kitu kinachozuia mapito bila ruhusa, kiwe kokoto, mabati, kontena, matawi au gari bovu lililoachwa kwa wiki kadhaa, anaweza kushtakiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya jinai: Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza kuziba barabara, na sheria ndogo za kaunti zina faini zake. Faini hiyo huingia katika hazina ya serikali, wala haimnunulii mtu sampu mpya. Ya pili ni ya madai ya fidia, na msingi wake ni uzembe au kero kwa umma.

Kanuni hizi mbili za fidia zilitoka Uingereza. Sheria ya Mahakama ya Kenya, Sura ya 8, inaruhusu kanuni za sheria za Kiingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897 kutumika pale zinapofaa mazingira ya wananchi. Hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya hapo hazimfungi hakimu wa Nairobi au Kisumu, lakini mawakili huzitaja kila siku, na baadhi zinafundisha vizuri.

Mojawapo ni kesi ya Dymond dhidi ya Pearce ya mwaka 1972. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara usiku, taa zake za nyuma zikiwaka, chini ya taa ya barabarani. Pikipiki ililigonga na abiria aliyekaa nyuma akaumia. Ilidhihirika kwamba mwendeshaji alikuwa amegeuza shingo kutazama wasichana waliokuwa pembeni. Mahakama ya Rufani ilisema lori lile lilikuwa kizuizi kweli, na kuliacha pale lilikuwa kosa. Lakini chanzo cha ajali kilikuwa macho ya mwendeshaji, kwa hiyo mwenye lori hakulipa kitu. Anayedai fidia Kenya naye sharti aonyeshe mambo hayo mawili: kwamba kizuizi kilikuwepo isivyo halali, na kwamba ni hicho kilicholeta hasara.

Si lazima lawama iangukie upande mmoja tu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inampa hakimu uwezo wa kugawa lawama kwa asilimia. Dereva aliyekuwa akienda kilomita 70 kwa saa mahali ambapo kikomo cha mjini ni 50, au mwenye taa moja iliyokufa, atapunguziwa fidia hata kama rundo lilikuwa kubwa kama kibanda.

Kumjua wa kushtakiwa

Hapa ndipo pa kukaza akili, kwa sababu kumshtaki mtu asiyehusika ni kupoteza pesa mara mbili.

Mchanga uliomwagwa mbele ya jengo kwa kawaida ni mzigo wa aliyeuagiza. Mwenye nyumba hupenda kusema kosa ni la mwanakandarasi, na mwanakandarasi husema ni la dereva wa lori. Ni kweli kwamba kwa kawaida mtu hawajibiki kwa uzembe wa mwanakandarasi anayejitegemea. Lakini mahakama za Kiingereza ziliweka hali muhimu ya kipekee tangu zamani. Mwaka 1899, kampuni ya simu iliyokuwa ikipitisha nyaya chini ya barabara ilitozwa fidia kwa sababu fundi wa mwanakandarasi wake alilipua taa ya kuchomelea na kumuunguza mpita njia. Majaji walisema anayeanzisha kazi ya hatari barabarani hawezi kuukwepa wajibu wake kwa kumkabidhi mwingine. Kwa hiyo mlalamishi mwenye busara huwataja wote watatu katika barua yake ya kwanza na kuwaacha warushiane lawama mbele ya hakimu. Nambari ya lori ikijulikana, Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye lori mpaka athibitishe vinginevyo.

Matuta ya kienyeji yana utata wake. Wazazi wa mtaa fulani huchoshwa na bodaboda zinazopita kwa kasi karibu na shule, wakachanga pesa, wakamwita fundi, na kufikia Jumapili jioni tuta la zege limekwisha kujengwa, bila rangi wala kibao. Nia yao ni njema, na yeyote aliyewahi kumwona mtoto akinusurika chini ya magurudumu atawaelewa. Hata hivyo, tuta lisiloidhinishwa na mamlaka ya barabara ni kizuizi kama kingine, na bampa iliyong'oka juu yake ina mtu wa kuilipia. Chama cha wakazi si mtu kisheria kama kampuni ilivyo. Hushtakiwa kupitia maofisa wake. Mwenyekiti na mweka hazina wanaotia saini risiti za saruji wangefaa kulijua hilo kabla ya kumwita fundi. Njia iliyo salama ni kuomba tuta kwa maandishi, ili mamlaka yenyewe ndiyo ilijenge, ilipake rangi na kuliwekea alama.

Shimo la majitaka lisilo na mfuniko ni kisa kingine tena. Mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Uharibifu wa miundombinu ndio uliosababisha biashara ya chuma chakavu kusimamishwa nchini Januari 2022, kabla haijaruhusiwa tena Mei mwaka huohuo. Mwizi hapatikani, basi swali huwa ni nani mwenye shimo. Linaweza kuwa la kampuni ya majitaka, la kampuni ya mawasiliano au la mfereji wa kaunti. Mifuniko iliyobaki jirani mara nyingi huwa na herufi za mwenyewe, na picha yake ina thamani.

Barabara yenyewe je? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti barabara za kaunti pamoja na taa za mitaani, na njia nyingi za mitaa ya makazi zimo humo. Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007 iliunda mamlaka tatu za barabara, KeNHA, KeRRA na KURA, na baadhi ya barabara kubwa zinazopenya mitaani ni za KURA. Ndani ya mtaa wenye ukuta na geti, mara nyingi barabara huwa ya binafsi, na hapo hutumika Sheria ya Wajibu wa Wenye Makao, Sura ya 34, inayomtaka anayesimamia mahali awe na uangalifu wa kutosha kwa wageni halali.

Mamlaka ya umma haiwajibiki kwa kila jiwe lililoangushwa dakika kumi zilizopita. Mlalamishi hana budi kuonyesha kwamba ilijua au ilipaswa kujua, na haikuchukua hatua. Barua ya wakazi ya miezi miwili nyuma, yenye muhuri wa kupokelewa katika ofisi ya wadi, inaweza kubeba kesi nzima.

Kuhusu ilani ya kuwaonya wapita njia, kuna kesi ya mwaka 1964 iliyofika hadi juu kabisa Uingereza. Vibarua wa umeme waliochimba mtaro London waliziba njia ya miguu kwa kulaza nyundo ndefu. Mtu asiyeona alijikwaa nayo, akaanguka na kupoteza kusikia. Majaji walisema anayechimba lazima awafikirie watu wote ambao kwa kawaida hupita hapo. Kwa kipimo hicho, tawi lililotupwa barabarani kama ilani, desturi iliyoenea Kenya nzima, ni afadhali kuliko kuacha bila ilani yoyote, lakini halitoshi palipo na giza. Pembetatu nyekundu za kuakisi mwanga ndizo zinazotakiwa.

Saa ya kwanza

Gari lisiondolewe kabla ya picha kupigwa, ikiwa kulisimamisha hapo hakuhatarishi maisha. Picha zinazofaa ni za mbali zinazoonyesha mtaa na majengo, na za karibu zenye kitu cha kulinganishia urefu: chupa ya maji, kiatu. Majina na nambari za mashahidi huchukuliwa papo hapo. Mama mboga wa pembeni huwa ameona zaidi ya kamera. Kisha kituo cha polisi, kupata nambari ya OB (kitabu cha matukio) na baadaye abstrakti ya polisi. Simu iliyopiga picha isiuzwe wala kufutwa.

Gharama za matengenezo ni hasara maalum, na mahakama za Kenya zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba hasara ya aina hii hutajwa kwa hesabu kamili na kuthibitishwa kikamilifu. Makadirio ya mdomo ya fundi wa jua kali hayatasaidia; risiti, ripoti ya asesa na vipuri vilivyovunjika vitasaidia. Logbuku nayo iwe na jina sahihi, maana magari mengi ya mtumba bado yamesajiliwa kwa jina la mwenye zamani.

Bima ya lazima, ile ya mhusika wa tatu, haimtengenezei mtu gari lake mwenyewe. Mwenye bima kubwa (comprehensive) hulipwa baada ya kubeba sehemu yake, na kampuni inaweza kumwandama mkosaji kwa jina la mteja. Ndiyo maana haifai kupokea elfu tano barabarani na kutia saini kwamba hakuna dai tena.

Mahakama na muda

Barua ya madai ikipuuzwa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi milioni moja. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, kwa Kiswahili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kwa sampu, rimu mbili na shokabu, hakuna njia bora zaidi.

Dai la uzembe dhidi ya mtu binafsi lina miaka mitatu. Dhidi ya serikali ni miezi 12 pekee, na mamlaka za barabara za 2007 hutaka pia ilani ya maandishi ya mwezi mmoja kabla ya kushtakiwa. Hata ukishinda, mali ya serikali, pamoja na ya kaunti, haipigwi mnada; huhitajika cheti cha amri, na pengine kurudi mahakamani kumlazimisha afisa wa fedha alipe. Kwa sababu hiyo, mawakili wengi huanza kwa kumtafuta aliyeagiza mchanga.