Kumtuliza Mbwa Abwekaye Njiani

Mbwa amfokeaye kila apitaye mara nyingi hana ukali bali hofu, nayo kamba humzuia kukimbia. Fimbo humzidishia hofu hiyo. Katika kisiwa cha Songo Songo, ambako wakazi wengi ni Waislamu na huepuka mate ya mbwa, yafaa kumtembeza ufukweni maji yakupwapo, penye nafasi. Mwenye mbwa asimame mbali, mahali ambapo mbwa huwaona watu bila kubweka, na papo hapo ampe mnofu wa samaki usio na miba. Baada ya siku kadhaa za utulivu, asogee hatua chache. Mbwa akibweka, warudi nyuma. Kabla ya yote mbwa achanjwe dhidi ya kichaa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo.