Ushauri wa mazingira: mhitimu ajue nini?

Kabla ya mradi mkubwa kuanza kisiwani Mombasa, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hudai tathmini ya athari zake. Kazi hiyo hufanywa na wataalamu waliosajiliwa na NEMA. Mhitimu mpya huanza akiwa mtaalamu msaidizi, chini ya mtaalamu mkuu. Mradi ukiwa Mji wa Kale, hupita Kuze na Kibokoni akisikiliza wenyeji: majitaka yatapita wapi? Kuta za mawe zitastahimili mtikisiko? Jioni huyaandika, na rasimu hurudishwa kusahihishwa. Mwenye mradi ndiye anayelipa, lakini kuandika uongo katika ripoti ni kosa kisheria. Wakazi, mkiulizwa, semeni wazi: lisiloandikwa haliwezi kuwatetea.